Likizo ya Agosti na gari ya kulala: Nakuru, Kericho, Kisumu mpaka Kakamega, kuona jamaa na kutembea

Kama uko na watu wako huku magharibi na pia unataka watoto waone nchi yao, gari ya kulala, yaani iliyo na kitanda ndani ama hema juu, ndio njia nzuri kuliko zote. Sisemi hivo juu ya zile video watu wanaweka mtandaoni, nasema juu ya jambo kila mtu mwenye familia analijua: ukifika kwa shangazi mkiwa watu sita saa mbili usiku, lazima kuna mtu atatolewa kwa kitanda chake, na huyo mtu huwa ni nyanya ama mtoto anaenda shule. Ukija na kitanda chako unakula na watu, unapiga stori na watu mpaka usiku, halafu kila mtu analala kwake na asubuhi mnakunywa chai pamoja bila mtu kuwa na maumivu ya mgongo.

Njia yenyewe ni mzunguko. Unaanza Nakuru, unapanda Mau Summit, unashuka Kericho, Ahero, Kisumu, unageuka Maseno na Vihiga, Kakamega, Webuye, Kitale, halafu unarudi na Eldoret na Timboroa mpaka Nakuru tena. Siku kumi zinatosha bila kukimbizana. Ukiwa na wiki moja tu kata Kitale, rudi na ile barabara ya Chavakali kwenda Kapsabet.

Kwanza andika watu, mahali baadaye

Wengi wanaanza na ramani. Anza na majina. Chukua karatasi uandike kila jamaa aliye kwa hiyo njia, wazee juu, halafu upigie mtu mmoja kwa kila boma, sio mzee mwenyewe, tafuta yule binamu ama mjomba anajua mambo ya hapo nyumbani. Muulize vitu vitatu. Kuna msiba ama mgonjwa ambaye hatujasikia? Gari refu inafika mpaka ndani ama inabaki barabarani, na mvua ikinyesha je? Na wiki hiyo kuna shughuli gani? Hilo swali la mwisho usilipuuze ukiwa na watu Bungoma, juu Wabukusu wanatahiri vijana Agosti ya miaka shufwa, na ukifika katikati ya hiyo shughuli wewe sio mgeni wa kawaida tena, utatarajiwa kuchangia na kukaa, na barabarani utapata vijana na kengele zao na umati wa kuwasindikiza, unasimamisha gari na kungoja wapite.

Ukishajua hivo ndio unapanga. Sheria yangu ni moja, siku ya boma haina ziara. Usimwambie dani ama kukhu, yaani nyanya, kwamba mtakuja saa nne na saa nane mko Kit Mikayi kule kwa mawe makubwa, watu watakuwa wamechinja kuku, wamefunga shamba, wameita majirani. Boma moja kwa siku, siku nzima, halafu vivutio vinaingia kwa zile siku za katikati. Na kama unapita kilomita chache kutoka kwa mzee na huna siku ya kumpa, mpigie useme mnapita kusalimia, mmeshakula, nusu saa tu. Chai utakunywa hata kama umeshakula. Usipite kimya kimya, yule mwenye duka hapo kwa stage alishaona gari yako na atasema.

Gari

Kuna kukodi ile iko na hema juu ya paa, kuna kutengeneza yako. Hema la juu ni poa kwa watu wawili ama watatu lakini ukiwa na mtu mzima wa miaka sabini ngazi itamshinda, na mvua ya Kericho ikianza mnakunja hema likiwa maji. Kwa familia naona afadhali vani ya boksi, aina ya HiAce. Noah inatosha wazazi na watoto wawili wadogo, zaidi ya hapo mnabanana.

Fundi wa jua kali anaweza kuchomelea fremu ya chuma, juu unaweka plaiwudi, halafu unaenda duka la magodoro wanakukatia sponji saizi ile unataka. Fremu iwe juu kiasi mtungi wa lita 20 uingie chini yake, hapo ndio stoo yako. Fanya kitanda kiwe cha kukunjwa ama cha vipande, juu gari ikiwa inatembea kila mtu lazima akae kwa kiti chenye mshipi. Hakuna mtu kulala kwa godoro huku gari inakimbia, hata mtoto amechoka aje, hata kama ni Ahero mpaka Kisumu tu. Na ukitoa viti ama ukibadilisha bodi, pitia inspekshen ya NTSA, wale wa usalama barabarani, logbook irekebishwe, usipofanya hivo utakuwa unajieleza kwa kila kizuizi, na insuransi inaweza kukataa kulipa siku ya shida.

Uzito pia uangalie. Mitungi miwili ya maji ni kilo 40, gunia la viazi kilo 50, meko, nguo, watu. Mzigo mzito weka chini na katikati, usipeleke magunia juu ya keria, gari inakuwa inayumba kwa kona. Kabla ya kutoka angalia breki zote nne, kulanti, feni belti, upepo wa tairi na stepni, na uhakikishe jeki na wilspana ziko na zinafanya kazi. Pembetatu za kuonyesha hatari, kizima moto na boksi la huduma ya kwanza weka mahali mkono unafika, sio chini ya kitanda.

Ndani: kulala, moto, maji

Hapa kuna kitu kimoja nataka kusema kwa nguvu. Molo, Mau Summit, Timboroa, Kericho, usiku ni baridi ya kweli, na mtu akisikia hiyo baridi anashawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari likiwa limebaki na makaa mekundu kidogo. USIFANYE. Makaa yanatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini na hawaamki kabisa. Hata meko ya gesi usiwashe milango ikiwa imefungwa, na usiache injini ikinguruma usiku ndio mpate joto. Beba blanketi nzito, soksi, maji ya moto kwa thamosi. Upikaji wote unafanyika nje, chini ya turubai ukifunga kwa mlango wa nyuma. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha safari nzima kama unapika chai na kitu kimoja jioni, usafirishe ukiwa umesimama na umefungwa kamba, reguleta imetolewa.

Madirisha mawili lazima yabaki wazi kidogo usiku, kwa hivyo shonesha neti za kuingia kwa fremu ya dirisha, fundi wa cherehani atafanya kwa bei ndogo. Nakuru hutaona umuhimu wake. Kisumu utaona. Kanda ya ziwa malaria iko mwaka mzima na watoto waliozaliwa na kulelewa Nakuru ama Nairobi miili yao haijaizoea, kwa hivyo neti, mikono mirefu jioni, na umwone daktari ama mfamasia kabla ya safari akushauri dawa ya kinga hasa ukiwa na mtoto mdogo ama mama mjamzito.

Maji ya kunywa nunua ama chemsha, ya kuoga jaza kwa petroli stesheni baada ya kuweka mafuta, ukiomba vizuri wanakubali. Choo: petroli stesheni kubwa, mahoteli mkisimama kula, na boma. Beba ndoo yenye kifuniko ya watoto usiku. Umeme ni inverta ndogo ya kuchaji simu na taa ya sola, usijisumbue na friji, nunua chakula kibichi kila siku sokoni.

Pesa na mageti

Hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, hazichukui keshi. Unalipa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kupitia M-Pesa ama kadi, kwa hivyo fungua akaunti ukiwa nyumbani kwenye neti nzuri, sio getini watoto wakilia. Gari inalipiwa kulingana na viti, jua yako imeandikishwa viti vingapi. Bei za raia ni tofauti na za wageni, beba kitambulisho, na watoto wawe na kitu cha kuonyesha umri. Keshi kidogo bado unahitaji, ya soko, ya wavuvi, ya nyanya.

Nakuru kabla ya kutoka

Watu wa Nakuru wengi hawajaingia hifadhi ya Lake Nakuru tangu ziara ya shule. Ingia asubuhi saa kumi na mbili geti ikifunguliwa. Watoto usiwaahidi flamingo, maji ya ziwa yalipanda sana kutoka karibu mwaka 2010, chumvi ikapungua na chakula chao pia, wengi wakaenda Bogoria. Ndovu pia hakuna. Lakini vifaru weusi na weupe wako, twiga, simba, nyati, na ukifika Baboon Cliff unaona ziwa lote. Ukitaka kulala ndani kuna uwanja wa kambi Makalia karibu na maporomoko, omba askari wa KWS mapema, na chakula chote kifungiwe ndani ya gari juu ya nyani. Menengai ni ya nusu siku, kreta ya kama kilomita 12 kwa 8, gari inafika mpaka ukingoni na unaona mvuke wa ardhini, ule wa kutengeneza umeme, ukipanda kule chini.

Kupanda Mau, kushuka Kericho

Toka Nakuru asubuhi sana, mwisho saa moja. Ile sehemu ya Salgaa na Sachangwan imeua watu wengi, ni mteremko mrefu na malori ya mizigo, hata vile waligawanya barabara bado heshimu. Hata kama sheria inakuruhusu zaidi, vani imejaa mzigo 80 inatosha kabisa, na usifuate trela karibu. Ukifika Mau Summit unaacha barabara ya Eldoret unashika kushoto ya Kericho. Londiani Junction punguza kabisa, Juni 2023 lori liliacha njia hapo likaingia kwa wafanyabiashara na watu waliokuwa stage, watu zaidi ya hamsini wakafa. Ukitaka kununua kitu, toa gari nje ya barabara kabisa na watoto washukie upande wa mbali na magari.

Hapo juu ndio mahali pa kununua zawadi, na hii ndio siri ya safari nzima: kila boma ipelekee kitu hakilimwi kwao. Viazi, karoti na kabeji za Molo na Mau Summit zinashuka kwa watu wa ziwa. Majani chai ya Kericho yanaenda kila mahali. Samaki wa kukaushwa ama wa kukaanga wa Kisumu unapeleka Vihiga na Kakamega, na ukirudi Nakuru unabeba mahindi mabichi ya Kitale. Inakuwa rahisi kuliko kutoka na shopingi yote ya supamaketi siku ya kwanza. Ongeza tu sukari, mkate, sabuni na mafuta ya kupika, hizo kila nyumba inashukuru.

Kericho simama uone chai, mashamba yanaanza karibu na barabara na yanaenda mpaka macho yachoke. Usiingie katikati ya mistari bila ruhusa, ni mali ya watu na kuna wachumaji kazini. Mvua hapa inapenda mchana, mara nyingine na mawe, kwa hivyo ukitaka picha piga asubuhi. Ukiwa na jamaa huku na ukaletewa mursik, maziwa ya kuganda, kwa kibuyu, kunywa hata kidogo.

Kutoka Kericho mpaka Ahero unashuka karibu mita elfu moja. Hapa breki za gari nzito zinaungua. Weka gia ndogo mapema injini ikushikilie, usikanyage breki mfululizo, na ukisikia harufu ya kuungua simama zipoe, usimwage maji. Joto litaongezeka haraka, sweta zinavuliwa kabla ya Awasi. Ahero utaona mashamba ya mpunga pande zote, mchele nunua hapo.

Ukifika kwa boma

Hii ndio sehemu muhimu kuliko hizo zingine zote.

Fika mchana. Gari kubwa ikiingia usiku inatisha wazee na mbwa, na wewe huoni mtaro uko wapi. Simamisha nje kidogo, shuka, ingia kwa miguu usalimie, halafu mwenye boma akuonyeshe mahali pa kupaki. Usichague mwenyewe. Kuna kaburi halionekani vizuri, kuna mahali mahindi yanaanikwa, Agosti Kakamega na Bungoma watu wanavuna na ua wote unahitajika. Paki ukiangalia njia ya kutokea. Udongo mweusi wa Kano ukilowa unashika tairi mpaka asubuhi, na wekundu wa Vihiga unateleza kwa miteremko, kwa hivyo weka mawe nyuma ya tairi na kama mawingu ni mazito acha gari juu karibu na lami mlale huko.

Kama kulikuwa na mazishi ambayo hukuhudhuria, hilo ndio linatangulia. Mpe pole mfiwa, mpelekwe kaburini, halafu ndio salamu zingine na zawadi.

Sasa kulala. Jamii nyingi za huku, Waluo na Waluhya, kijana aliyeoa halali nyumba moja na wazazi wake, na mkwe wa kiume kulala kwa mama mkwe ni kitu hakifanywi. Gari inasaidia hapo sana, lakini usidhani inamaliza swali. Kuna wazee watasema gari ikiwa ndani ya ua wa wakwe ni sawa na umelala kwa wakwe. Kuna wengine watasema haina shida. Hujui mpaka uulize, na hauulizi mwenyewe, mtume yule mjomba wa kwenye simu aulize mapema. Wakikataa, omba kupaki uwanja wa shule ama kanisa hapo karibu, mwalimu mkuu ama mchungaji akijua wewe ni mkwe wa nani hawezi kukataa.

Jambo la pili, mwenye nyumba asione kama umeidharau nyumba yake. Mwambie mbele ya watu, "Mama, tumekuja na kitanda ndio usisumbuke, lakini chakula ni chako." Halafu kweli mle chakula chake. Meko yako isiwashwe kabisa ukiwa ndani ya boma la mtu. Kuku na ugali ikija, firigisi ina mwenyewe, ngoja uonyeshwe. Watoto waachwe walale ndani na binamu zao wakitaka, hiyo ndio raha yao yote ya safari, wafungie neti tu. Wanaume wa mjini, shikeni jembe ama mkachote maji asubuhi. Ukiondoka, pesa kidogo ya nyanya mpe mkononi mkiwa wawili, sio mbele ya watu, na muage mzee mwenyewe, sio kwa dirisha la gari.

Kisumu na karibu na hapo

Mpe Kisumu siku mbili. Dunga, ufuo wa wavuvi na boti, nenda asubuhi, maji yakiwa matulivu, mchana upepo wa ziwa unaamka. Boti bila jaketi za kuokoa usipande, hata kama ni dakika kumi na mwenye boti anacheka, mwambie alete ama uende kwa mwingine. Watoto wasikanyage maji ya ukingoni, kuna kichocho, na usiku viboko wanatoka kula nyasi kwa hivyo usipaki kulala kwenye nyasi karibu na maji. Impala Sanctuary ni ndogo, ya kutembea kwa miguu. Museum wamejenga boma kamili la Kiluo, watoto waonyeshe nyumba ya mke wa kwanza inakaa wapi na ya vijana wapi, wataelewa kwa nini kwa babu nyumba zimepangwa vile.

Chakula ni samaki, nani anaenda Kisumu kula chipsi. Chagua ngege (tilapia) mzima mwenyewe ukiangalia macho na mashavu, akaangwe na aletwe na ugali na osuga, ile mboga ya managu.

Siku ya kuondoka pitia Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamepandana, barabara ya Bondo kama kilomita 30 kutoka mjini. Watu wanaenda kuomba hapo, kwa hivyo watoto wasipige kelele. Halafu rudi ushike ya Busia mpaka Maseno, kuna alama ya ikweta kando ya barabara, mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, picha, mmetoka. Luanda kuna barabara inakuleta Majengo, na uko Vihiga.

Vihiga, Kakamega

Barabara ya Majengo, Mbale, Chavakali ni nzuri lakini watu ni wengi, boda zinatoka kila upande na matuta hayajachorwa yote. Polepole. Ukikaribia Kakamega, Ilesi, kuna jiwe linalolia, maji yanatiririka kutoka juu ya nguzo ya mwamba. Simama.

Msitu wa Kakamega una milango miwili na watu wanachanganya. Kusini ni Isecheno, unaingilia Khayega na Shinyalu, iko chini ya shirika la misitu. Kaskazini ni Buyangu, iko chini ya KWS, unaingilia barabara ya Webuye, na pale kuna kambi ya Udo unaweza kulala na gari. Mimi nachagua Buyangu kwa kulala na Isecheno kwa mtu anapenda ndege. Chukua mwongozaji wa hapo, ni vijana wamesomea huo msitu na wanajua mti kwa jina la Kiluhya, la kisayansi na dawa yake. Amkeni kabla jua litoke mkapande kilima cha Lirhanda ama Buyangu, muone ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti. Kuna mbega, kuna ndege aina zaidi ya 300, na yule turako mkubwa wa bluu utamsikia kabla ya kumuona. Mchana mvua, karibu kila siku, beba gambuti.

Kitale na kurudi

Webuye simama uone maporomoko ya Nabuyole kwa mto Nzoia, mbali na ukingo, mawe yanateleza. Kitale mimi naenda juu ya Saiwa Swamp, ndio mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita mraba 3 tu, hakuna gari ndani, unatembea kwa njia za mbao na kupanda minara kungoja nzohe, yule swala anaishi kwa maji. Fika alfajiri ama jioni, mchana amejificha. Ukiwa na siku moja zaidi panda Mlima Elgon kwa geti la Chorlim uone pango la Kitum, ndovu huingia humo usiku kulamba chumvi kwa kuta, lakini hiyo barabara ya ndani ikilowa inataka gari ya kuvuta miguu yote minne, vani iache getini na uulize walinzi.

Kurudi, Eldoret mpaka Nakuru ni karibu kilomita 155 na Timboroa ina ukungu mzito asubuhi na jioni. Pita hapo katikati ya siku, taa zikiwa zimewashwa. Usiongeze boma lingine njiani juu mtu amepiga simu, dereva amechoka na hiyo ndio siku ajali zinatokea.

Ukifika piga simu kwa kila boma uliyolala, halafu mwaga maji yote kwa mitungi, kausha magodoro juani, neti zifuliwe. Na kwa wiki kadhaa angalia homa. Mtoto akichemka, akatapika ama akaumwa kichwa, hata kama mmerudi siku nyingi, usinunue panadol ungoje, mpeleke apimwe malaria siku hiyo hiyo na umwambie daktari kabla hajauliza kwamba mlikuwa Kisumu.